Jani la Mabingobingo

Nikimimina chai siku hizi, lazima mdomo wa birika uguse ukingo wa kikombe kwanza, ndipo niinamishe. Nisipougusisha, chai inakwenda mezani. Wageni hudhani ni madaha. Mama yangu, asiye na subira na madaha ya mtu yeyote, aliwahi kuniuliza mbele ya mashemeji kama siku hizi chai yangu nayo inaanza kwa kugongwa kengele kama shuleni.

Sababu ni jicho la kushoto. Lipo, linafumba na kufumbua, misibani linatoa machozi kama mwenzake. Ukikaa mbali huoni kasoro. Ukisogea ndipo utaona kadoa keupe, ukubwa wa punje ya mtama, kamekaa juu ya ule weusi na kuila mboni upande wa chini. Kwenye kadi ya kliniki jicho hilo limeandikwa 6/60. Maana yake, herufi ambayo mwenye macho mazima anaisoma akiwa mita 60, mimi kwa jicho hilo nitaisoma nikiisogelea hadi mita 6. Na ukibaki na jicho moja la kutegemea, kinachopotea kwanza ni kipimo cha karibu na mbali: tundu la sindano, ngazi ya daladala, ukingo wa kikombe.

Sikupigwa na mtu, wala sikupata ajali barabarani. Ni chakula cha ng'ombe.

Nakaa Mikanjuni, hapahapa Tanga mjini. Nimefundisha shule ya msingi zaidi ya miaka ishirini, na mshahara wa mwalimu mnaujua, kwa hiyo nyuma ya nyumba nafuga ng'ombe wa maziwa. Kwa mji wetu hilo si ajabu. Ukipita mitaa mingi asubuhi utakutana na akina mama wenye madumu na ndoo wakielekea kituo cha kukusanyia maziwa kabla jua halijakolea. Ajabu ni kazi yake. Ng'ombe mmoja wa maziwa anamaliza kilo 50 za majani mabichi kwa siku na bado anakutazama kama humpi kitu. Kwa hiyo kila siku, baada ya swala ya alfajiri, nachukua mundu nakwenda kwenye kijishamba changu cha mabingobingo, nakata matita mawili. Jioni tena.

Asiyewahi kukata mabingobingo ayaone hivi: ni kama miwa iliyokosa sukari. Yakiachwa yanampita mtu urefu. Jani ni refu, lina vinyweleo vinavyowasha, na ukingo wake una vijino kama msumeno wa kitoto. Mikono yangu ina mistari myembamba kuanzia vidoleni hadi kiwikoni, na sikuwahi kuijali. Unainama, unakumbatia shina kwa mkono wa kushoto, unalivuta upande wako, unakata kwa chini. Uso wako muda wote uko katikati ya majani. Nimefanya hivyo miaka, mara mbili kwa siku. Hata sikuiona kama kazi yenye hatari. Hatari ilikuwa mundu, na mundu nilikuwa nauheshimu.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba 2018, mvua za vuli zimenyesha vizuri, majani yamesimama, umande bado. Nikavuta shina, nikakata, na jani la shina la jirani, lililokuwa limebanwa na lile nililolivuta, likarudi mahali pake. Likanipitia jichoni. Kope zina haraka, lakini jani liliziwahi. Sikusikia maumivu makubwa, nilisikia mkwaruzo mmoja mfupi, kama mtu kapitisha uzi. Nikafikicha kwa ncha ya kanga. Kanga hiyohiyo ilikuwa imefuta jasho na kushika matita. Kisha nikaendelea kukata, maana ng'ombe alikuwa ameshaanza kulia.

Miwani ya kusomea nilikuwa nayo, nimeiacha juu ya meza isije ikadondokea kwenye mavi ya ng'ombe. Miwani ya kusomea si kinga ya kazi, kioo chake kikipigwa na jiwe kinaweza kuvunjikia jichoni. Lakini jani lile ingelizuia.

Kufika adhuhuri nikawa na kama chembe ya mchanga ndani ya jicho isiyotoka. Nikaosha, haikutoka. Kumbe hapakuwa na mchanga. Mchubuko wenyewe ndio unaosikika hivyo. Mama akaja na dawa yake. Jirani yetu wa nyumba ya tatu alikuwa amejifungua wiki mbili nyuma, na mama alitaka kumwendea aombe maziwa ya kifuani, matone mawili tu, "jicho litapoa mwanangu, sisi wote tumetiwa hayo." Nikamkatalia, na nilimkatalia kwa kiburi. Nilimwambia mimi ni mwalimu, siwezi kutia jichoni maziwa ya mtu. Jumapili asubuhi mwalimu nikatoka kwenda duka la dawa.

Hapo ndipo jicho langu lilipopotelea.

Kijana wa dukani hakuniuliza kilichonipata. Aliona wekundu, akanyoosha mkono kwenye rafu, akasema, "Mama, hii ndiyo inayokwenda zaidi." Kachupa kadogo, kifuniko cheupe. Nikatia mara nne kwa siku. Jumatatu wekundu ukapungua. Jumanne jicho likawa jeupe kama la mtoto, nikamwonyesha mama kwa maringo. Alhamisi usiku nikaamka nikiwa na maumivu ya kichwa upande wa kushoto, mwanga wa simu ukawa kama kuchomwa. Nikaongeza dawa. Ndiyo, niliongeza. Ilinisaidia mwanzo, kwa nini isinisaidie tena? Jumapili nikasimama mbele ya kioo cha kabati, nikaona kadoa, keupe ka kijivujivu, kingo zake zimechanika kama unyoya uliolowana.

Jumatatu, siku ya tisa, nikaenda hospitali.

Daktari wa macho alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri, mpole, ila alikuwa na tabia ya kunyamaza kila nilipojibu. Aliniweka kidevu kwenye darubini yao, akanitia rangi ya machungwa jichoni kwa kikaratasi, akawasha taa ya buluu. Akamwita mwanafunzi wake aje aone. Rangi ile, walinieleza, haishiki juu ya jicho zima. Inashika palipochubuka, na chini ya taa ya buluu pale panawaka kijani. Pangu paliwaka pakubwa kuliko jani lilivyopita. Akaniuliza nilikuwa nafanya nini. Nikasema nakata majani. Akanyamaza. Akaniuliza nilitia nini. Nikatoa kachupa kwenye pochi, akaweka kidole kwenye maandishi madogo yaliyokuwa ubavuni, akanisomea: dawa ya kuua bakteria, na deksamethasoni. Hiyo ya pili ni steroidi.

Nilimwomba anieleze kama anavyomweleza mwalimu, akanieleza. Kile kioo cha mbele ya jicho, wao wanakiita konea, hakina mishipa ya damu. Kingekuwa nayo tusingeona. Kwa sababu hiyo askari wa mwili wanakifikia polepole. Ngozi yake ya juu ndiyo ngome. Jani likiichana, halipiti peke yake, linapita na kilichokaa juu yake, na juu ya majani mabichi na yanayooza fangasi hawakosekani. Ni ukungu, ndugu na ule unaoota kwenye mkate uliosahaulika, ila huu umepandwa kwenye kioo cha jicho. Hauna haraka kama bakteria. Unaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki, mtu akidhani amepona. Sasa steroidi inapunguza wekundu na uvimbe kwa kuwalaza wale askari wachache waliokuwa njiani. Jicho linakuwa jeupe, linapendeza, na fangasi wanabaki na uwanja wote. Dawa ya bakteria nayo haiwagusi.

Nilifikiria zile Jumatatu na Jumanne zangu za maringo.

Akanitia ganzi ya matone, akaniambia nitazame sikio lake la kulia na nisihame, akakikwangua kidonda kwa ncha ya sindano. Hakiumi. Unachokiona ni kivuli kinakuja na kurudi, na huwezi kufumba. Ukwanguo ukapakwa kwenye vioo vya maabara, na mchana ule majibu yakaja: nyuzinyuzi zimeonekana, ni fangasi.

Dawa yake inaitwa natamaisini, na siku ile mjini haikupatikana. Mdogo wangu akainunua Dar es Salaam, akaipakia kwenye basi la mchana, usiku tukaipokea stendi ya Kange imefungwa kwenye mfuko wa nailoni na jina langu. Ni majimaji meupe yanayotaka kutikiswa kila mara, na yanaacha chengachenga nyeupe kwenye kope. Tone moja kila saa. Kila saa, usiku na mchana, siku za mwanzo. Binti yangu wa kidato cha tatu aliweka kengele ya simu, na saa nane za usiku, saa tisa, saa kumi, namwona anakuja na tochi ameinamisha mwanga sakafuni ili usinichome, anatikisa kachupa, ananifungua kope kwa vidole viwili. Asubuhi anakwenda shule. Mama alikuwa anaketi kitandani miguuni kwangu, hasemi neno la maziwa ya jirani wala la ualimu wangu. Ningependa angesema.

Matone yalipungua yakawa kila saa mbili, kila saa nne, yakaja yakaisha Februari. Ng'ombe mmoja niliuza. Jicho likabaki, kovu likabaki. Daktari alisema nimepona vizuri, na alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana jirani yangu wa benchi pale kliniki, mzee mmoja wa Muheza aliyechomwa na kijiti kwenye machungwa, yeye lake lilitoboka.

Sasa miwani.

Niliponunua ya kwanza, duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, muuzaji aliniuliza fundi ananituma aina gani. Nikasema fundi ni mimi. Akacheka, akanitolea tatu: ya plastiki nyepesi inayozunguka hadi pembeni ya jicho, ile kubwa ya mpira inayoziba pande zote na ina lastiki nyuma, na ya wavu wa chuma. Nimekuja kuzijua zote kwa matumizi. Ya wavu haishiki ukungu wa pumzi na inazuia vipande vya mti, lakini vumbi na majimaji yanapita kama hakuna kitu. Ya kuziba ndiyo ya chokaa, dawa ya kunyunyizia na utomvu. Ile nyepesi ndiyo ya kila siku. Tafuta iliyochorwa alama ndogo, EN166 au Z87, kwenye fremu au pembeni ya kioo. Hizo ndizo alama za viwango vya Ulaya na Marekani, kwamba imepigwa na haikuvunjika. Na ipinde kwa vidole: plastiki ngumu inayoitwa polikaboneti inapindika kidogo. Miwani ya jua ya mtumba inayouzwa mtaani haimo kwenye hesabu hii, hata ikiwa nyeusi tii.

Niliinunua kwa elfu nne. Wiki ya kwanza niliivua mara nyingi kuliko nilivyoivaa. Hili hakuna anayekwambia dukani. Tanga asubuhi hewa yenyewe ni maji. Unainama, unahema, kioo kinafanya ukungu, huoni mundu wala mkono, na mwenye akili anaipandisha kipajini. Halafu mimi navaa ushungi. Mikono ya miwani ikipita chini ya ushungi inabana sikio, ikipita juu inateleza kila nikiinama, na miwani iliyoteleza hadi puani haikingi chochote. Nilihangaika. Mwisho nikachukua lastiki ya kushonea, ile nyeupe pana inayotiwa kwenye sketi za shule, nikaifunga kwenye mikono yote miwili ya miwani, ikapita kisogoni juu ya ushungi. Ikatulia. Na ukungu nikaumaliza kwa tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, napaka ndani ya kioo kwa kidole, naacha kidogo, nafuta kwa kitambaa laini bila maji. Inanipeleka hadi jioni. Kioo kikishakwaruzwa na vumbi natupa, nanunua nyingine, maana miwani isiyoona vizuri ndiyo inayovuliwa.

Pale kituo cha maziwa waliniita rubani. Wengine wakasema nimehamia kazi ya kuchomelea mageti. Nilicheka nao. Mmoja kati ya waliocheka sana alinifuata kimya wiki mbili baadaye kuuliza ile lastiki niliifungaje.

Babu yangu mzaa baba alikuja Tanga kutoka Songea kwa manamba, yaani kibarua cha mkataba mashambani, akakata mkonge hadi akazeeka. Mkonge wenyewe ni mgeni kama yeye. Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuingiza nchini mwaka 1893, na pwani yetu ikajaa. Ncha ya jani la mkonge ni mwiba mweusi mgumu kama msumari. Babu alikuwa akitusimulia utaratibu wao: unakata jani, kabla hujafanya lolote unakata na ile ncha, ndipo unahesabu majani 30 na kufunga tita. Tulikuwa tukidhani ni kwa ajili ya kiwanda. Alituambia ni kwa ajili ya macho, ya kwako unapoinama na ya mwenzako atakayebeba. Miwani hawakupewa, kwa hiyo waliuondoa mwiba. Nililikumbuka hilo nikiwa nimelala na jicho bovu. Siku hizi, kabla sijaingia katikati ya mabingobingo, nafyeka kwanza yale ya pembeni yaliyolala, yale yenye tabia ya kurudi kama upinde. Inachukua dakika tatu.

Lakini nisije nikaisifu miwani kupita kiasi, maana mwaka 2021 ilinitia aibu.

Uzio wetu upande wa barabarani ni minyaa. Mnaujua mnyaa: vijiti vya kijani visivyo na majani, ukivunja kidogo yanamiminika maziwa meupe. Mbuzi hawali, wezi hawapiti. Kijana anayenisaidia kazi za nje nilimpa miwani yangu ile ya kuziba, nikampa na glavu, nikamwambia akate uzio ushuke usawa wa kifua. Nikakaa barazani nikisahihisha madaftari, nimeridhika kabisa na nafsi yangu. Kama saa nzima baadaye nikasikia, "Mwalimu, jicho linawaka moto."

Nikamtazama: miwani ipo kipajini. Jasho lilikuwa limemwingia ndani ya miwani, likamchoma, akaipandisha, akajifuta kwa mgongo wa glavu. Glavu ilikuwa imelowa maziwa ya mnyaa kuanzia saa mbili. Utomvu haukumrukia. Alijipeleka mwenyewe, kwa mkono niliomvalisha mimi.

Safari hii nilijua la kufanya, au nusu yake. Nikamlaza ubavu kwenye karo la kufulia, jicho bovu likiwa chini ili maji yasipeleke utomvu kwenye jicho zima, nikamwambia binti amwage maji safi kwa kata, taratibu, bila kukoma, mimi namshikilia kope. Anapiga kelele, anataka kufikicha. Nikamvua glavu, tukamwosha na mikono kwa sabuni, na uso wote, maana ulikuwa kwenye nyusi pia. Majirani wakasema inatosha. Nikatazama saa: dakika saba. Tukaenda hadi nusu saa. Hakuna tone la dukani, hakuna maziwa ya mtu. Tukapanda bajaji hadi hospitali, na nikamwambia daktari jina la mti mwenyewe.

Usiku ule alikuwa haoni kwa jicho hilo isipokuwa mwanga. Nilikwenda kwao kumwomba mama yake radhi, akanipokea vizuri, jambo lililonitesa zaidi. Siku ya tatu akaanza kuona vidole, na ndani ya wiki mbili likarudi. Ndivyo ulivyo utomvu wa mnyaa ukiwahiwa: unatisha, unaumiza zaidi saa chache baadaye kuliko mwanzo, kisha mara nyingi jicho linajirudi. Ukipuuzwa unaacha kovu.

Tangu hapo kazi ya mnyaa ina sheria zake nyumbani kwangu. Kitambaa kinafungwa kipajini kama cha mcheza ngoma, kinywe jasho lisifike machoni. Kitambaa kingine safi kinaning'inia kwenye mti, mbali, na mtu akitaka kujifuta anavua glavu kwanza, ananawa kwenye ndoo iliyowekwa hapohapo, ndipo anagusa miwani. Na hakuna kukata juu ya kichwa. Unapanda kwenye stuli. Kijana anaona nimezidisha. Anafanya lakini.

Chokaa nayo niiseme kwa ufupi, kwa kuwa kila Shaabani mitaa yetu inapakwa rangi kuisubiri Ramadhani, na watu wanachemsha chokaa kwenye mapipa wakiwa na watoto pembeni. Chokaa ikiingia jichoni ni mbaya kuliko tindikali ya betri, ingawa watu wanaogopa tindikali zaidi. Tindikali mara nyingi inaunguza juu na kujizuia. Chokaa, na saruji mbichi vilevile, inaendelea kuchimba kwenda ndani hata baada ya maumivu kutulia. Maji hapohapo, hata ya kisima kama ndiyo yaliyopo, nusu saa na zaidi, kope zimefunguliwa, vipande vilivyojificha chini ya kope vitolewe. Hospitali baada ya hapo. Anayekimbilia hospitali kwanza bila kuosha anabeba moto njiani.

Na shemeji yangu alinunua mashine ya kufyekea, ile ya petroli ya kuvaa begani. Yeye mwenyewe anavaa kila kitu, miwani na kinga ya uso nzima, amependeza. Waliokuwa hawajavaa ni sisi tuliokuja kumtazama. Ardhi yetu imejaa vipande vya matumbawe, na uzi wa ile mashine ukikigusa kimoja hujui kimekwenda wapi mpaka usikie kilipotua. Kilitua kwenye dirisha la jirani, kikapita kimo cha kichwa cha mtoto aliyekuwa amemletea shemeji maji ya kunywa. Nilikwenda nikachukua kijitabu kilichokuja na mashine, kimo ndani ya mfuko wake haujafunguliwa, nikamsomea: mtu yeyote akae mita 15. Tukapima kwa hatua. Inafika barabarani. Sasa anafyeka alfajiri, na anayemletea maji anampigia simu.

Mwezi uliopita niliamka, nikanyoosha mkono kwenye msumari wa mlango wa banda, miwani hakuna. Nikatafuta kwenye ndoo ya mundu, chini ya matita ya jana, kwenye dirisha. Binti kaolewa, yuko kwake Pongwe, kijana hajaja. Ng'ombe analia. Nikaingia ndani nimekasirika.

Mama yuko jikoni, miaka sabini na tisa, ameketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi kwa kuwa ndicho kiti chake, mbele yake sinia la vitunguu, na usoni amevaa miwani yangu kubwa ya kuziba, lastiki imepita juu ya mtandio kama ninavyoivaa mimi. Amekwisha kata vitunguu kama kilo. Aliponiona hakushtuka. Akanigeuzia ule uso wa rubani, akasema, "Haivuti machozi hata kidogo hii. Siku zote hizi ulikuwa unamvalia ng'ombe tu?"

Nikachukua ile nyepesi, nikaenda kukata majani.